Baiskeli za milimani Wanging'ombe: Vijia vipo, mwenye navyo ni nani?

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya au Songea hulazimika kupita Makambako, mji ulioko kwenye makutano ya barabara kuu mbili na wenye stesheni ya reli ya TAZARA. Wengi hushuka, hula, hununua mahitaji yao na kuendelea na safari. Ni wachache wanaogeuza macho upande wa kusini-magharibi, ambako safu ya milima ya Kipengere huinuka nyuma ya mashamba ya Wilaya ya Wanging'ombe na kuelekea uwanda wa Kitulo wilayani Makete.

Milima hiyo imejaa vijia. Hakuna mkandarasi aliyelipwa kuvichonga. Vimetengenezwa kwa miaka mingi na nyayo za kina mama waendao kuchanja kuni, wanafunzi waendao shule, wafugaji wanaopeleka ng'ombe malishoni na wakulima wanaobeba viazi na mahindi kwenda barabarani. Kutoka vilele vya Kipengere hadi tambarare ya Usangu, ardhi hushuka kwa zaidi ya mita 1,000.

Kwa waendesha baiskeli za milimani, mandhari ya aina hiyo ni mali. Mchezo huo una wafuasi wengi Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, na wafuasi hao husafiri mbali kutafuta vijia vya asili ambavyo havijawekwa kifusi wala lami.

Hata hivyo, kabla ya Mkoa wa Njombe kuanza kutangaza vivutio vya namna hiyo, lipo swali la kiutawala linalopaswa kujibiwa. Kijia kinachokatiza mlimani ni cha nani, nani ana mamlaka ya kumruhusu mgeni kupita, na ada anayolipa inaingia katika mfuko upi?

Mchezo uliozaliwa na ugomvi wake

Baiskeli ya mlimani haikuanzia kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa eneo la Marin, California, nchini Marekani, walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi mapana na kuziteremsha kwa kasi katika njia za vumbi kuzunguka mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianzisha mashindano yaliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki za wakati huo, ambazo zilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ikabidi kitovu cha gurudumu kipakwe grisi upya.

Miongoni mwa waasisi wa mchezo huo walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey. Katika kipindi cha miaka 20 mchezo wao ulikuwa umefika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996.

Lakini ugomvi ulikuja mapema kuliko medali. Watembea kwa miguu na wapanda farasi wa Marin walilalamika kuwa baiskeli zinawashtua na kuharibu njia, na vijia vingi vyembamba vikafungwa kwa magurudumu. Mwaka 1984, idara ya misitu ya Marekani iliweka wazi kuwa baiskeli nazo zimo katika vyombo vilivyopigwa marufuku kwenye maeneo ya pori yaliyohifadhiwa kwa sheria ya 1964.

Uskochi ilichagua njia nyingine. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu, mwendesha baiskeli akiwamo, haki ya kupita katika sehemu kubwa ya mashamba na milima, kwa sharti kwamba awajibike kwa mwenye ardhi na kwa mazingira. Nchi hizo mbili ziliamua tofauti, lakini kila moja iliamua, na mgeni anajua pa kusimama.

Majirani wametangulia

Afrika Mashariki si ngeni katika suala hili. Mwishoni mwa 1984, Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Nick na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro wakiwa na baiskeli zao hadi kileleni, wakichangisha fedha za miradi ya teknolojia rahisi vijijini. Wakati huo lilionekana kuwa jambo la maajabu. Baadaye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitenga njia ya Kilema kwa ajili ya waendesha baiskeli, mbali na misururu ya wapagazi na wapanda mlima wa Marangu na Machame.

Nchini Kenya, Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyoanzishwa 1984, imejijengea jina kwa kuwaruhusu wageni kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Huko mlima Kenya, mbio zijulikanazo kama 10to4, ambazo huteremka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, huchangia fedha za uhifadhi wa mlima huo.

Rwanda imekwenda mbali zaidi. Ritchey, yule yule mwasisi wa mchezo, aliitembelea nchi hiyo mwaka 2005, na kazi iliyofuata ilizaa timu ya taifa ya baiskeli. Mwaka 2012, Adrien Niyonshuti alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London. Njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kati ya Rubavu na Rusizi, hupita vijijini, na mgeni hulala na kula huko huko. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

Kinachofanana katika mifano hiyo ni kwamba njia ilipewa jina, ramani na msimamizi anayejulikana. Vijia vya Kipengere bado havijapata hata kimoja kati ya hivyo.

Kijia kimoja, mamlaka nne

Mwendesha baiskeli anayeanzia katika vijiji vya Wanging'ombe na kupanda Kipengere anaweza, kwa siku moja, kupita katika ardhi zilizo chini ya sheria tofauti.

Anapoanzia ni ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Akiingia katika msitu wa hifadhi wa Serikali, anakutana na Wakala wa Huduma za Misitu. Akivuka mpaka wa Pori la Akiba la Mpanga/Kipengere, lililotangazwa 2002 na kugusa wilaya za Wanging'ombe, Makete na Mbarali, yuko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inamkataza kuingia bila kibali. Akiendelea hadi Kitulo, anaingia katika hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA.

Mtembea kwa miguu humaliza kilomita chache kwa siku, hivyo huweza kubaki katika eneo la mamlaka moja. Baiskeli huvuka mipaka hiyo kwa saa chache tu. Mgeni atakayetakiwa kutafuta vibali vinne kutoka ofisi nne atakwenda Naivasha au Kivu, ambako hulipa mara moja. Na atakayeamua kupita bila kibali atakuwa mvunja sheria hata kama hajakata jani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Inahitaji TAWA, TANAPA, Wakala wa Misitu na halmashauri kukaa meza moja na kukubaliana juu ya njia chache, kibali kimoja na mgawo wa mapato unaoandikwa na kubandikwa ofisi ya kijiji.

Majira mawili, wageni wawili

Hifadhi ya Kitulo, iliyoanzishwa 2005 na yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413, inajulikana kama Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Ina aina 350 hivi za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Maua hayo huchanua zaidi wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili.

Hapo ndipo baiskeli zinapoweza kujaza pengo. Msimu wake mwafaka ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ingawa Juni na Julai baridi ya Njombe ni kali na asubuhi nyingine ardhi huamka na sakitu. Maua yakinyauka, nyumba za wageni za Njombe, Makambako na Makete zingepata wateja wa aina nyingine. Lami ya Njombe hadi Makete, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, imekwisha kurahisisha safari ambayo zamani masika yaliikatisha.

Mpangilio huo wa majira ni muhimu kwa sababu ya pili, nayo ni udongo.

Maji ya Ruaha

Mito inayoteremka kutoka Kipengere, ikiwamo Mbarali na Kimani, huingia Usangu na kuulisha Mto Ruaha Mkuu. Maji hayo humwagilia mashamba ya mpunga ya Mbarali, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, kisha huzalisha umeme Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na Rufiji. Tangu 1993, sehemu ya mto huo ndani ya hifadhi imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi. Anayegusa chanzo huku juu anagusa maisha ya watu wengi huko chini.

Je, baiskeli ni adui wa udongo? Utafiti uliofanywa Montana, Marekani, na kuchapishwa 1994 ulionyesha kuwa farasi na watembea kwa miguu walilegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Lakini matokeo hayo hayampi mtu ruhusa ya kuteleza na breki katika mteremko uliolowa, kwani mfereji unaoachwa na gurudumu hugeuka njia ya maji, na maji hukamilisha uharibifu.

Wataalamu wa kutengeneza vijia wana kanuni zinazoeleweka kirahisi. Kijia kizuri huzunguka mlima badala ya kuushukia moja kwa moja. Mwinuko wake wa wastani hauzidi asilimia 10, wala hauzidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima unaopitiwa. Uso wake huinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke na kwenda zake.

Vijia vingi vya ng'ombe havikidhi kanuni hizo, kwa kuwa ng'ombe na mwenye ng'ombe hutafuta njia fupi. Hivyo si kila kijia kilichopo kinafaa. Aidha, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito, na njia yoyote rasmi italazimika kuuheshimu. Kufunga vijia wakati wa masika kungekuwa kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Somo kutoka jirani

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si ya udongo. Mradi wa REGROW, uliozinduliwa Iringa mwaka 2018 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, ulilenga kukuza utalii wa kusini kupitia hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kitulo na Mpanga/Kipengere hazikuwa katika orodha hiyo.

Aprili 2024 benki hiyo ilisimamisha utoaji wa fedha kufuatia malalamiko ya wananchi waishio kando ya Hifadhi ya Ruaha, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Malalamiko hayo yaliihusu pia Usangu, tambarare ile ile inayoonekana kutoka vilele vya Kipengere.

Somo lake kwa Wanging'ombe ni la wazi. Utalii unaoanza kwa mwananchi kuogopa kuwa kesho ataambiwa ahame au aache kupitisha ng'ombe wake, hujengwa juu ya mchanga. Kijia kikiwekwa kibao cha utalii, mama mwenye mzigo wa kuni lazima abaki na haki ya kwanza ya kupita. Uingereza iliandika hilo katika sheria ya 1968 iliyoruhusu baiskeli kwenye njia za farasi: mwenye baiskeli ndiye anayempisha mwenzake.

Nani afaidike

Baiskeli si kitu kigeni Wanging'ombe. Vizazi vimebebea mahindi, maziwa na wagonjwa juu ya Phoenix na Swala, kabla bodaboda hazijachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Vijiji bado vina mafundi wanaonyoosha rimu kwa jicho na kuziba pancha chini ya mti. Kijana aliyezoea kupanda kilima na gunia kwenye keria ana mapafu ambayo mgeni wa Ulaya huyatafuta kwa miezi ya mazoezi.

Anachokosa ni mafunzo ya kuongoza wageni, huduma ya kwanza, kofia ngumu na ujuzi wa breki za mafuta na gia nyingi. Hospitali ya Ilembula ipo, lakini atakayevunjika mguu ndani ya ukungu wa Kipengere atahitaji kwanza watu wanaojua kumteremsha.

Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaridhiwa na halmashauri ya wilaya. Zikianza na kijia kimoja au viwili, vyenye msimu, ada, waongozaji waliosajiliwa na daftari la mapato linalosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, zitakuwa zimejibu swali la mwenye kijia kabla mtu wa nje hajalijibu kwa niaba yao.

Baiskeli za kwanza zikitangulia kabla ya makubaliano hayo, faida itabaki kwa wakala wa safari aliyeko mbali, na makorongo yatabaki Kipengere.