Ukiambiwa 'positive', uliza kwanza: ya nini?

Mzazi, chukua kadi yako ya kliniki ya ujauzito, kisha tafuta cheti cha maabara ulichopewa mara ya mwisho ulipompeleka mtoto hospitali. Huenda vyote viwili vina neno moja la Kiingereza: 'positive', au alama yake ya kujumlisha.

Neno ni moja, lakini kazi zake ni nyingi. Kwenye kundi la damu si habari mbaya wala nzuri. Kwenye kipimo cha malaria linakutaka uanze dawa. Kwenye kipimo cha ujauzito, mmoja analipokea kwa vigelegele na mwingine kwa machozi. Kwenye semina ya malezi, linageuka kuwa sifa.

Tatizo ni kwamba mtaani kwetu neno hili likitajwa peke yake, wengi wanaelewa jambo moja tu: VVU. Ukisikia "fulani ni positive", huulizi ana nini.

Ndiyo maana mzazi anaweza kusikia kwenye korido kwamba mtoto wake ni 'positive', akaishiwa nguvu kabla sentensi haijaisha, kumbe kilichoonekana ni malaria. Mwingine anaweza kusoma 'O positive' kwenye kadi ya mkewe, ugomvi ukaanza nyumbani kwa sababu ya kundi la damu.

Leo tulichambue neno hili, kwa sababu kulielewa vibaya kunaweza kumgharimu mtoto.

Kilichotafutwa kipo

Asili ya neno hili ni Kilatini, kutoka kitenzi 'ponere', yaani kuweka. Kwa lugha nyepesi, ni kitu kilichowekwa, kitu kilichopo. Lugha ya maabara haikwenda mbali na maana hiyo. Mtaalamu akiandika 'positive' anasema: nilichokuwa nakitafuta nimekiona. Neno lenyewe halisemi kama kitu hicho ni kizuri au kibaya.

Nje ya maabara, Waingereza wanalitumia kwa njia nyingine. Kwenye hesabu ni namba iliyo kubwa kuliko sifuri. Kwenye betri ni upande wa kujumlisha. Mtu mwenye mtazamo mzuri wa maisha husemwa yuko 'positive'. Na Mwingereza akisema yeye ni 'positive' kuhusu jambo fulani, anamaanisha ana uhakika nalo.

Sisi tumelipa jina 'chanya', na hapo mkanganyiko umehamia kwenye Kiswahili. Redioni tunasikia "mabadiliko chanya", tunajua ni mazuri. Kisha tunasikia "majibu chanya" ya kipimo, na hatujui tufurahi au tulie.

Kundi la damu: hapa mwangalie 'negative'

Makundi ya damu ya A, B na O yaligunduliwa na Karl Landsteiner mjini Vienna, naye akatangaza matokeo hayo mwaka 1901. Mwaka 1940, yeye na Alexander Wiener walitangaza jambo lingine linaloitwa Rhesus. Chembechembe zako nyekundu za damu zikiwa na protini hiyo, unaandikiwa 'positive'. Zikiwa hazina, unaandikiwa 'negative'.

Kwa hiyo 'O positive' au 'B positive' haina uhusiano wowote na VVU. Wengi wetu tuko hivyo.

Anayehitaji uangalizi zaidi ni mama mjamzito ambaye Rhesus yake ni 'negative'. Akibeba mtoto mwenye Rhesus 'positive', damu ya mtoto inaweza kuingia kwenye mwili wake, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wake unaiona kama mgeni na kutengeneza kingamwili za kuishambulia.

Mtoto wa kwanza mara nyingi hapati madhara. Hatari huwa kwa anayefuata, kwa sababu kingamwili hizo zinaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu damu yake. Mtoto anaweza kuzaliwa na upungufu wa damu, manjano kali, au kufia tumboni.

Kinga ipo, nayo ni sindano ya Anti-D. Hutolewa ujauzito ukiwa na wiki kama 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana Rhesus 'positive'. Huhitajika pia mimba ikiharibika au mama akitokwa damu akiwa mjamzito. Kingamwili zikishatengenezwa, sindano hii haiwezi kuziondoa. Kwa hiyo ulizia mapema wapi inapatikana, usisubiri siku ya uchungu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona 'negative' wanashukuru, wanaona 'positive' wanashtuka, wakati kwenye Rhesus mambo ni kinyume.

Malaria: chanya ya leo au ya wiki iliyopita?

Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) hakioni vimelea vyenyewe. Aina inayotumika sana hutafuta protini inayotolewa na vimelea vya malaria. Ukiona mstari kwenye C na mwingine kwenye T, hata kama ule wa T umefifia, jibu ni 'positive'. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na kinapaswa kurudiwa.

Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita anaweza kupimwa akaonekana 'positive' wakati homa ya leo inatokana na kitu kingine.

Kwa hiyo mweleze mhudumu mtoto alimeza dawa gani, na lini. Anaweza kuamua damu iangaliwe kwa hadubini. Ukinyamaza, mtoto anaweza kurudia dawa za malaria huku ugonjwa halisi, labda nimonia, ukiendelea kumla.

Taifodi ya kila mwezi

Kuna familia ambazo kila mwezi mtu mmoja "ana taifodi". Uliza ni kipimo gani kilitumika. Mara nyingi utaambiwa ni Widal, kilichopewa jina la daktari wa Ufaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896.

Widal hupima kingamwili, haioni bakteria wenyewe. Mtu anaweza kuwa 'positive' kwa sababu aliwahi kuugua zamani, alichanjwa, au ana ugonjwa mwingine, malaria ikiwamo. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu, kuona kama bakteria wa taifodi wanaota.

Sisemi taifodi haipo. Ipo, na inaua. Ninachosema ni kwamba Widal pekee haitoshi kumnywesha mtoto antibayotiki kila mwezi. Dawa hizo zikitumika ovyo, bakteria hujenga usugu, na siku mtoto atakapozihitaji kweli huenda zisimsaidie.

Mtoto mchanga wa mama mwenye VVU

Sehemu hii isomwe kwa utulivu. Mama mwenye VVU anapokuwa mjamzito, kingamwili zake hupita kwenda kwa mtoto, na zinaweza kukaa kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18. Kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili kinaweza kuonyesha 'positive' kwa mtoto ambaye hajaambukizwa. Kinachoonekana hapo ni kingamwili za mama.

Ndiyo maana watoto hawa hupimwa kwa njia nyingine. Akiwa na wiki nne hadi sita, huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, na maabara hutafuta kirusi chenyewe. Vipimo hurudiwa kadiri anavyokua, kwa sababu hatari inaendelea kwa muda wote anaonyonya.

Mama, usiache dawa zako, na usiache kumpa mtoto dawa za kinga alizoandikiwa. Akikutwa na kirusi, aanze tiba mara moja. Akikutwa hana, endelea na kliniki hadi jibu la mwisho baada ya kuacha kunyonya.

Na kwa mtu mzima, mstari mmoja wa kipimo cha kwanza si jibu kamili. Majibu ya VVU huthibitishwa kwa kipimo zaidi ya kimoja kabla mtu hajaambiwa.

Chanya ambayo si nzuri

Wazazi wengi sasa wanasoma ushauri wa malezi kwenye simu, mwingi ukiwa wa Kiingereza. Humo kuna mtego.

Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alitumia 'positive' kwa maana ya kuongeza kitu. Kwa lugha ya taaluma yake, kumchapa mtoto ni adhabu 'positive', kwa sababu umeongeza kitu asichokipenda. Kumnyima televisheni ni adhabu 'negative', kwa sababu umeondoa anachokipenda. Anayesoma haraka anaweza kudhani wataalamu wamesifu fimbo. Hawakuisifu, walikuwa wanahesabu kilichoongezwa na kilichopunguzwa.

Nidhamu chanya tunayofundishwa kwenye semina ni jambo tofauti kabisa: kumwelekeza mtoto kwa mipaka iliyo wazi, bila kumpiga wala kumdhalilisha.

Vivyo hivyo kwenye afya ya akili. Daktari akisema ndugu yako mwenye skizofrenia ana 'dalili chanya', usifikiri anapata nafuu. Anamaanisha kuna mambo yaliyoongezeka, kama kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Maswali matatu ya kuuliza dirishani

Ukipewa cheti chenye neno hili, usiondoke kabla ya kuuliza:

Kwanza, kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini?

Pili, jibu hili linaonyesha ugonjwa wa sasa, au linaweza kuwa alama ya zamani? Je, kuna kipimo kingine cha kuthibitisha?

Tatu, tunafanya nini sasa, na turudi lini?

Huhitaji kujua Kiingereza kuuliza hayo. Mwambie mhudumu akueleze kwa Kiswahili, na kama kuna watu karibu, omba mzungumze faragha. Majibu ni siri yako, na kueleweshwa ni haki yako.

Tena, usimwamini sana ndugu yake 'negative'. Mtoto akiwa na homa isiyoshuka, akapata degedege, akashindwa kunyonya au kunywa, akatapika kila anachopewa, au akalegea na kutozinduka vizuri, mrudishe hospitali hata kama cheti cha asubuhi kilisema hana kitu.

Tukutane wiki ijayo. Kwa sasa, ile kadi uliyoitoa irudishe pakavu, na kama hujawahi kusoma kilichoandikwa kwenye mstari wa Rhesus, usome leo.