Soko Limeimeza Sikukuu

Ndugu msomaji, ukizuru mji wa kale wa Canterbury, Uingereza, mwezi wa Disemba, utaona vibanda vya Krismasi, mataa, na watu wanasukumana kununua. Wazee wao hawakuwa hivyo. Mwaka 1647 Bunge liliipiga marufuku sikukuu hiyo, na Meya akaamrisha maduka yafunguliwe tarehe 25 Disemba. Watu wakafanya ghasia, wakayavunja yaliyofunguliwa. Walikataa siku yao tukufu ifanywe siku ya biashara. Leo hakuna anayewalazimisha, na soko limeimeza sikukuu. Jee, na sisi? Idi yetu tunaipima kwa ibada na sadaka, au kwa nguo mpya? Tusiwacheke. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.