Excel ya bure: video iko, mashini iko wapi?

Tangazo la kazi likianza kuzunguka katika magrupu ya WhatsApp mjini Bukavu, watu wanasoma kwanza mwisho wake: tarehe ya kufunga, na pahali pa kupeleka barua. Katikati kuna mstari ambao karibu haukosekani, hata kama wanatafuta mhasibu, mtunza stoki ama mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kufanya ankete: mwombaji awe anajua vizuri Word na Excel. Wengi wanaandika kwenye CV kwamba wanajua. Siku ya teste ndipo mambo yanaonekana.

Tangu mwanzo wa 2025 mstari huo umekuwa mzito zaidi. Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Mabenki yalifunga milango, na katika majuma yale yale serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Kwa hiyo kijana mwenye diploma yake mpya anashindana leo na watu waliokwisha kufanya kazi miaka mingi, ambao Excel waliishika kila siku. Si ajabu basi kuona vijana wengi wanatafuta masomo kwenye YouTube, kwa sababu kituo cha mafunzo kinaomba pesa na nyumbani pesa haiko.

Masomo yenyewe ni mengi, na ni ya bure kweli. Microsoft inaweka mafunzo yake kwenye intaneti bila malipo. Kuna walimu wa Ufaransa na wa Afrika ya Magharibi wanaofundisha kwa Kifaransa hatua kwa hatua, na kuna Watanzania na Wakenya wanaoeleza kwa Kiswahili, kile ambacho mtu wa Kivu anasikia bila shida.

Lakini kuangalia kunalipwa. Saa moja ya video, hata kwa picha ya chini ya 360p, inakula karibu mega 300. Kozi ya saa kumi ni giga tatu, na hakuna anayeelewa formile mara ya kwanza, lazima arudie. Vijana wamepata ujanja wao: mmoja anapakua, wengine wanapitishiana kwa flashi ao kwa Xender. Umeme nao ni hadithi inayojulikana. Mji unategemea Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989, ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka mara ngapi tangu hapo? Delestaji inaanguka katikati ya somo.

Hata hivyo, mega na umeme si ugumu mkubwa kuliko yote. Ugumu mkubwa ni kwamba wengi wanajifunza mashini bila mashini. Simu iko mkononi, video inapita, mwalimu anabonyeza hapa na pale, na mtu anasikia amekwisha kuelewa. Ni kama kuangalia fundi cherehani akishona. Excel ya kwenye simu ipo, lakini kwenye kioo kidogo mtu hazoei panya, hazoei klavye, wala hajifunzi kushika mistari mia tano kwa mara moja. Siku ya teste anapewa kompyuta yenye klavye ya AZERTY, ambapo namba za mstari wa juu zinataka kushikilia Maj kwanza, na dakika kumi zinapotea kabla hajaandika kitu. Na si utani.

Tena kuna mtego mwingine ambao video chache zinautaja, na unawaangusha hata wale wenye kujifunza kwa bidii. Mashini nyingi za ofisi kwetu zimepangwa kwa Kifaransa. Mwalimu wa Dar es Salaam ao wa Nairobi anaeleza kwa Kiswahili kizuri, kisha anaandika =IF(C2>=50,"ndiyo","hapana"). Mwanafunzi wa Kadutu anaandika vile vile, herufi kwa herufi, na mashini inakataa: mara inasema formile ina kosa, mara inaandika #NOM?. Anafikiri yeye ndiye mjinga. Kumbe kwenye Excel ya Kifaransa IF inaitwa SI, SUM inaitwa SOMME, COUNTIF ni NB.SI, na ile VLOOKUP inayopendwa sana kwenye teste ni RECHERCHEV. Tena vipande vya formile havitenganishwi kwa virgule bali kwa pwa-virgule. Sababu yake ni rahisi: kwa Kifaransa virgule ni ya desimali, kama tunavyoandika dola 12,50, basi mashini ingechanganya mambo mawili.

Dawa yake iko, na haiombi pesa. Faili iliyotengenezwa kwenye Excel ya Kiingereza ikifunguliwa kwenye ya Kifaransa, formile zinageuka zenyewe. Walimu wengi wanaweka faili ya mazoezi chini ya video. Ni afadhali kuipakua hiyo, na kuangalia formile imeandikwaje kwenye mashini ya hapa, kuliko kuinakili kwa macho. Kuna pia LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa haki, inafungua faili za Excel na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta iliyozeeka kidogo. Ni salama kuliko zile Office zinazotembea kwenye flashi bila leseni, mara nyingi pamoja na virusi.

Inabaki swali la karatasi. Kituo cha mafunzo kinatoa breve. Video ya YouTube haitoi kitu. Ofisi inayochambua dosie mia mbili inashika kwanza zile zenye breve, hata kama mwenyewe alilala darasani. Hapo mashirika yana sehemu yao ya lawama. Wanaandika tu « kujua vizuri Excel » bila kusema ni kitu gani: kupanga liste, kutoa majina yaliyojirudia, kutengeneza tablo kruaze? Wangetaja kazi tatu ama nne, kijana angejua ajifunze nini, na asingepoteza giga zake kwenye mambo ambayo hayataulizwa.

Kwa wasichana njia ni nyembamba zaidi. Simu nzuri ya nyumbani mara nyingi iko kwa kaka, saa ya umeme ndiyo saa ya kupika, na kurudi usiku kutoka kwenye siber hakuna mzazi anayekubali katika hali ya usalama ya sasa.

Kile kinachokosekana zaidi, baada ya mashini, ni kazi ya kweli ya kuzoeza mkono. Nayo iko karibu kuliko watu wanavyofikiri. Karibu kila mtaa una AVEC yake, na kila AVEC ina daftari: majina ya wanachama, akiba ya kila juma, deni, faida, malipo. Mama mwandishi anajumlisha kwa kalkileta ya simu. Kijana aliyeangalia video tatu anaweza kuomba ruhusa, akakodi saa moja kwenye secrétariat public wakati haina wateja wengi, akaingiza daftari lile katika tablo: mstari mmoja kwa kila mama, SOMME chini, SI kwa waliochelewa kulipa. Kisha siku ya mkutano, wakati kasha la kufuli tatu linafunguliwa na makuta yanahesabiwa mezani, anaangalia kama namba ya chini ya tablo yake inalingana na makuta yale. Isipolingana, lazima atafute sababu: pengine alikosea formile, pengine daftari lilikuwa na kosa ambalo hakuna aliyeliona.