Zimwi Lisiloonekana Ndilo Litishalo

Malalamiko ya walimu na wazazi wa Sotik kuhusu michezo ya video ni mengi, nayo hayakosi msingi. Muda wa kudurusu hupotea, na fedha za nauli huishia katika vibanda vya michezo. Lakini katika malalamiko hayo yote ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote: mchezo wa kutisha humtisha vipi mchezaji wake? Kijana ameketi mahali salama, mchana kweupe, na wenzake wamemzunguka. Anajua fika kwamba kilicho mbele yake ni picha tu. Hata hivyo viganja vyake vinatoka jasho na pumzi zinamkatika. Nashikilia kwamba mwalimu atakayelichunguza swali hilo pamoja na wanafunzi wake atakuwa amewapa somo la fasihi, na zaidi ya hilo, kinga dhidi ya jambo baya kuliko mchezo wowote.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ambayo mchezaji hatarajiwi kushinda vita bali kunusurika. Kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa namna hiyo mwaka 1989 ukiitwa Sweet Home, na mwaka 1996 ikatoa Resident Evil, ulioieneza aina hii duniani kote. Watunzi wengine waliichanganya na hadithi za sayansi, wakaipeleka angani: System Shock 2 ulitoka mwaka 1999, Dead Space mwaka 2008, na Alien: Isolation mwaka 2014, uliotengenezwa na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza. Huu wa mwisho ndio nitakaoutolea mfano, kwa kuwa ustadi wa kuogofya umo ndani yake waziwazi.

Katika mchezo huo mchezaji huwa Amanda Ripley, fundi wa mitambo anayemtafuta mama yake aliyepotea. Anafika katika kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, na kukuta mitambo imeharibika, taa zinafifia, na watu waliosalia hawaaminiani. Kwa sehemu kubwa ya mchezo adui wake mkuu ni zimwi moja tu. Zimwi hilo haliuawi kwa silaha yoyote aliyo nayo. Bunduki ya kurusha moto hulifukuza kwa muda, na mafuta yake ni haba. Amebeba kifaa kidogo kinacholia kitu kinaposogea karibu. Kifaa hicho humwambia kwamba kipo kitu, lakini hakimwambii kama kitu hicho kimo katika chumba cha pili au katika mfereji wa hewa juu ya kichwa chake. Hata kuhifadhi hatua aliyofikia ni mtihani: sharti aufikie mtambo maalumu ukutani, aingize kadi, kisha angoje taa ziwake moja baada ya nyingine, ilhali mgongo wake uko wazi.

Hebu tujiulize, basi: hofu imetoka wapi hapo? Haikutoka katika meno ya zimwi wala katika damu. Sinema ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Ridley Scott, ambayo ndiyo asili ya mchezo huu, humwonyesha mtazamaji zimwi hilo kwa dakika chache tu katika muda wa karibu saa mbili. Hofu imetoka katika mambo matatu. Kwanza ni kutoona: mchezaji hupewa dalili za zimwi kabla ya zimwi lenyewe. Pili ni uhaba: kila alicho nacho hakitoshi. Tatu ni kutobashiri: zimwi halipiti njia moja kila siku kama gari la kubebea majani ya chai, hata mchezaji alikariri na kulikwepa.

Wazee wetu waliyajua mambo haya kabla ya umeme kufika Sotik. Katika nchi hii ya Wakipsigis, na kwa ndugu zao Wanandi, huko nyuma hapakuwa na mtoto asiyemjua Chemosit. Mwingereza A. C. Hollis aliandika habari zake katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909: ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja, hujikongoja kwa fimbo mfano wa mkuki, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Huimba gizani, na watoto wakiiona nuru kwa mbali na kuusikia wimbo hudhani ni ngoma, wakaenda, wasirudi.

Tazama ufundi wa jambo hilo. Kogo, yaani nyanya, alipoisimulia hadithi hiyo kando ya meko hakuhitaji kueleza jinsi mtoto alivyotafunwa. Alitaja nuru na wimbo, akanyamaza. Mtoto aliyetoka nje baadaye, akaona mwanga ukisogea ng'ambo ya bonde, alijisimulia mwenyewe sehemu iliyobaki. Nuru ambayo kwa kawaida ni faraja ya msafiri iligeuzwa kuwa mtego. Ndivyo ilivyo kwa Amanda pia: kurunzi inayomwonyesha njia ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfichua. Karne nzima na zaidi imepita kati ya kitabu cha Hollis na mchezo wa mwaka 2014, lakini kanuni haikubadilika.

Sasa linganisha hayo na insha za wanafunzi wetu. Mwanafunzi akiambiwa aandike kisa cha kutisha, karatasi hujaa misemo iliyokaririwa: nywele zilinisimama, damu ilinisisimka, nilitetemeka kama unyasi upepeapo. Baada ya mistari mitano jambazi limetokea, panga limeinuliwa, na damu imetiririka kama mto. Msahihishaji haogopi hata kidogo. Mwandishi ametangaza hofu badala ya kuijenga. Amemwonyesha msomaji kila kitu mapema, asimwachie la kukisia. Kosa si lake peke yake, maana sisi walimu tumemzoesha kuhesabu misemo na kusahau kumpima msomaji anahisi nini. Ngano za mazimwi tumezifundisha kama orodha ya sifa za kukariri kwa ajili ya mtihani: zimwi lina jicho moja, zimwi hula watu, mwisho wake hushindwa. Hatukuuliza kwa nini msimulizi alilichelewesha zimwi hilo mpaka moto ulipokaribia kuzimika.

Liko jambo jingine ambalo hadithi za sayansi huongeza juu ya ngano. Zimwi la kale lilitoka msituni. La sayansi hutoka katika kazi ya mikono yetu. Kituo cha Sevastopol kimejaa roboti zenye sura ya watu, nazo humsemesha mchezaji kwa upole na adabu huku zikimkaba koo. Hazina chuki naye. Zinatimiza amri tu. Msomaji wa Sotik asidhani kwamba hofu ya namna hiyo ni ya mbali. Katika mashamba makubwa ya Kericho, mwezi wa Mei 2023, waandamanaji walizichoma mashine za kuchumia chai kwa sababu ya ajira zilizopotea. Mashine haikumchukia mchumaji. Ilifanya kazi ya mikono mingi, basi, na mwenye mikono akabaki anatazama. Mwanafunzi ambaye mama yake alibeba kikapu cha majani mgongoni anayo malighafi ya hadithi ya sayansi ya kuogofya kuliko ile ya angani, laiti angeambiwa kwamba anaruhusiwa kuiandika.

Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kulileta jambo hili mbele ya walimu si insha. Ni sehemu moja ya mchezo huu ambayo wachezaji wengi hawaijui. Watengenezaji waliigawa akili ya zimwi mara mbili. Sehemu ya kwanza ni zimwi lenyewe, ambalo hutegemea macho na masikio yake kumtafuta mchezaji. Sehemu ya pili haionekani kamwe: ni mithili ya msimamizi aliyejificha, ambaye wakati wote anajua mchezaji alipo. Huyo hulidokezea zimwi mara kwa mara upande wa kuelekea, na hofu inapozidi kiasi huliondoa kwa muda ili mchezaji apumue, apate nguvu ya kuogopa tena. Mchezaji hudhani anawindwa na mnyama. Kumbe anaendeshwa na mtu aliyepanga.

Hofu za maisha halisi nazo hujengwa kwa vifaa hivyo hivyo. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulivuma Pemba, kisha Unguja. Hakuna aliyeweza kumwonyesha, na kwa sababu hiyo kila mtu aliweza kumwona. Watu walikesha nje kwa makundi, na mgonjwa wa akili aliuawa na waliomdhania kuwa ndiye. Hapa kwetu tunalo la karibu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Sotik na Borabu uligeuka uwanja wa mapigano mwanzoni mwa mwaka 2008. Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi waligeukiana, nyumba zikachomwa, watu wakafa, na soko la Chebilat lililo mpakani likateketezwa. Sisemi kwamba uvumi peke yake ndio ulioleta maafa hayo. Ardhi na siasa zilikuwamo, na silaha hazikuwa za kufikirika. Lakini usiku ulipoingia, habari kwamba "wanakuja" ilitosha kuwatoa watu nyumbani. Adui haonekani, msaada uko mbali, na hakuna ajuaye atapita wapi: mambo yale matatu yalikuwa yametimia. Na nyuma ya habari za namna hiyo, aghalabu, yuko msimamizi aliyejificha, ambaye hofu ya wengine ina faida kwake.

Wapo watakaoniambia kwamba natafuta hekima mahali pasipo na hekima, na kwamba michezo hii inaharibu vijana. Nakubali kwamba haimfai kila mtu. Alien: Isolation wenyewe umewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, na mtoto wa shule ya msingi hana haja nao. Wala sipendekezi kwamba mashine za michezo ziletwe darasani, ilhali shule nyingi hazina vitabu vya kutosha. Ninachopendekeza kiletwe darasani ni swali, nalo halina gharama. Kijana aliyekwisha kuucheza mchezo huo, au aliyeutazama ukichezwa na mwingine katika simu, ana ujuzi ambao mwalimu anaweza kuujengea juu yake. Kumkemea tu ni kuutupa ujuzi huo.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu mambo matatu mepesi. Kwanza, wapeni wanafunzi insha ya kutisha yenye masharti: pasitajwe damu, pasitumiwe msemo wowote wa kutetemeka, na zimwi lisionekane mpaka aya ya mwisho, au lisionekane kabisa. Pili, watumeni kwa wazee wakasikilize ngano ya Chemosit, warudi wakiwa na jibu la swali moja tu: msimulizi alinyamaza wapi, na kwa nini hapo? Tatu, waleteeni uvumi wowote uliozagaa kijijini au mabwenini, wauchambue kama wanavyochambua hadithi. Nani ameona kwa macho yake? Nini kimefichwa? Nani anafaidika tukiogopa?

Baadhi ya wanafunzi watalicheka zoezi hilo la tatu mwanzoni. Lakini bweni ni mahali pa giza na pa watu wengi, na kelele moja usiku huweza kuwatoa vijana mia mbili mbio kuelekea mlango mmoja. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza jinsi hofu inavyotengenezwa atakuwa na nukta chache za kufikiri kabla ya kukimbia, na nukta hizo ni mali.

Kwa wanafunzi nina neno fupi. Msione haya kupenda hadithi za kutisha, ziwe za meko au za mitambo. Mkitishwa, ulizeni mmetishwa kwa ufundi gani. Uchaguzi utakuja tena, na mpaka wa Borabu ungali pale pale. Siku itakapofika habari ya usiku kwamba jirani anakuja na moto, awepo angalau mmoja kati yenu wa kusimama mlangoni na kuuliza: ni nani aliyeileta habari hii, na yeye mwenyewe yuko wapi sasa?