JAJI WA MANENO MATAMU: CHANDRACHUD NA MSIKITI WA BABRI

Ndugu zangu, Dhananjaya Chandrachud alistaafu ujaji mkuu wa India Novemba 2024, baada ya miaka miwili kwenye kiti hicho. Wako wanaomsifu hadi leo ati ni mtetezi wa wanyonge. Sisi tunasema: ngojeni kidogo. Jaji hapimwi kwa utamu wa maneno yake. Hupimwa kwa amri anayotoa mwisho, na kwa nani anatoka mahakamani na kitu mkononi.

Haki yake tumpe kwanza. Mwaka 1976, wakati wa utawala wa hali ya hatari wa Indira Gandhi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliyewekwa kizuizini hawezi kwenda kortini kudai uhuru wake. Baba yake Chandrachud alikuwa mmoja wa majaji wanne walioafiki aibu ile. Mwaka 2017, mtoto aliandika kwamba hukumu ya baba ilikuwa na kasoro kubwa, ikatupwa. Hilo lataka moyo.

Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa majaji waliomrudishia ndoa yake Hadiya, mwanamke wa Kerala aliyesilimu na kuolewa na Mwislamu, kisha korti ya jimbo ikaifuta ndoa ile. Mwaka huohuo alibaki peke yake kati ya majaji watano kusema sheria ya kitambulisho cha Aadhaar inavunja katiba. Mabishano hayo ya India yalifika hadi Nairobi: Mahakama Kuu iliyapitia Januari 2020 ilipoamua kesi ya Huduma Namba iliyoletwa na ndugu zetu Wanubi na wenzao.

Sawa. Sasa njooni Ayodhya.

Tarehe 9 Novemba 2019, majaji watano, Chandrachud akiwemo, walitoa hukumu moja juu ya Msikiti wa Babri. Walisema nini? Walisema kuingiza masanamu msikitini usiku Desemba 1949 kulikuwa ni kuunajisi. Walisema kuubomoa tarehe 6 Desemba 1992 kulikuwa ni uvunjaji mkubwa wa sheria. Walisema Waislamu walinyang'anywa isivyo haki msikiti uliosimama zaidi ya miaka 450.

Ukifika hapo utadhani tumeshinda. Kumbe! Ardhi yote, ekari 2.77, ikatolewa kwa ujenzi wa hekalu. Waislamu wakapewa ekari tano kwingine. Januari 2024 Waziri Mkuu Modi mwenyewe akaenda kulizindua hekalu hilo.

Hebu jiulize. Mtu akibomoa nyumba yako, hakimu akasema kweli umedhulumiwa, kisha kiwanja akampa yuleyule upande uliobomoa, na wewe akakuonyesha shamba nje ya mji. Utamshukuru kwa maneno yake?

Watetezi wake husema korti ilifuata ushahidi wa umiliki, si imani, na kwamba majaji wote watano walikubaliana, hata Mwislamu mmoja alikuwemo. Haya, tutazame huo ushahidi. Waislamu waliambiwa hawakuthibitisha kwamba eneo la ndani lilikuwa lao peke yao kabla ya 1857. Msikiti umejengwa, umesimama karne tatu, halafu wenye msikiti ndio wadaiwe ushahidi kwamba ulikuwa wao! Upande wa pili haukubebeshwa mzigo huo kwa sehemu ileile ya ndani. Na idadi ya majaji haigeuzi dhulma kuwa haki.

Tena hukumu ileile iliisifu sheria ya 1991, inayosema kila mahali pa ibada pabaki pa dini iliyokuwepo tarehe 15 Agosti 1947, isipokuwa Ayodhya. Waislamu wakajipa moyo: angalau imeishia hapa. Haikuishia. Mei 2022 Chandrachud alisema kortini kwamba kuchunguza asili ya mahali pa ibada si lazima kuwe kunavunja sheria hiyo. Agosti 2023, akiwa Jaji Mkuu, jopo lake likakataa kuzuia uchunguzi wa idara ya mambo ya kale katika Msikiti wa Gyanvapi, Varanasi. Mlango ukafunguka, kesi zikamiminika, msikiti baada ya msikiti. Huko Sambhal, Novemba 2024, wapimaji walipofika msikitini vurugu zilizuka na watu wasiopungua wanne wakafa. Mwezi uliofuata, yeye akiwa ameshaondoka, ndipo Mahakama ya Juu ikasimamisha kesi mpya na uchunguzi wa aina hiyo.

Na kabla hajaondoka alimkaribisha Modi nyumbani kwake kwa ibada ya Ganesh, mbele ya kamera. Kisha akasimulia hadharani kwamba kesi ya Ayodhya ilipomlemea alikaa mbele ya mungu wake akamwomba njia. Kuomba si kosa. Kila mmoja ana imani yake. Lakini yule aliyepoteza msikiti, akisikia hivyo, ataaminije kwamba mizani ilikuwa sawa?

Hatusemi msisome hukumu zake. Zisomeni, na zile nzuri mzitumie. Ila mkisoma, anzeni na ukurasa wa mwisho, pale penye amri. Wa Babri hawakukosa jaji wa kuwaambia wamedhulumiwa. Walikosa jaji wa kuwarudishia kilicho chao.