Magazini Tupu Si Bunduki Tupu

Mwandishi aliyetuambia kwamba kutoa magazini kunatosha kabla ya kusafisha bunduki ya kuwindia amesahau chemba. Risasi inayoua ni ile iliyokwisha kuingia humo, nayo haitoki kwa kuchomoa magazini. Kwa bunduki za bolti, kama Mauser 98 na jamaa zake, kazi si ngumu: elekeza mtutu pasipo na mtu, toa risasi zote, vuta bolti nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha hakikisha kwa kidole. Halafu chomoa bolti kabisa. Bila bolti hakuna pini ya kugonga risasi, na ufito wa kusafishia utaingilia nyuma badala ya kukwangua mdomo wa mtutu, sehemu inayobeba usahihi wa shabaha. Risasi zenyewe ziwe chumba kingine.

Anadai pia kwamba mafuta mengi hayadhuru. Labda bunduki ikikaa kabatini! Ukifyatua mtutu uliolowa mafuta, shinikizo huweza kupanda na risasi ya kwanza ikakosa ulipolenga. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hilo si dogo. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kwenda porini.

Na ushauri wake wa kusafisha “mara moja kwa mwaka”? Risasi za zamani zenye fataki ya klorati huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Maji ya moto huiondoa, kisha unakausha na kupaka mafuta, siku hiyohiyo uliyofyatua. Mhariri achapishe masahihisho kabla msomaji hajaketi mezani na bunduki yenye risasi.