Chimba Choo Kwanza, Hema Baadaye



Wako watu ambao mwaka mzima huhesabu siku. Hawangojei mavuno, wala hawangojei harusi. Wanangojea mbio za magari za Safari Rally nchini Kenya. Miezi mingi kabla ya mbio, wanaanza kuweka akiba. Mmoja ananunua hema. Mwingine anaazima sufuria kwa jirani. Wa tatu anatafuta gari la kukodi pamoja na wenzake. Siku zikifika, wanakwenda Naivasha. Wanalala huko siku tatu au nne, na wanatazama magari yakipita katika vumbi.

Je, hilo ni jambo baya? La. Mimi nasema ni jambo jema. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima anahitaji kupumzika na kufurahi na wenzake. Furaha nayo ni sehemu ya afya. Lakini nina neno moja kwa mashabiki hao. Neno hilo linamhusu pia kila mtu anayekwenda kulala kambini, iwe kwenye mnada wa ng'ombe, kwenye mkutano wa dini, au kwenye msiba mkubwa. Neno lenyewe ni hili: chimba choo kwanza, hema baadaye.

MBIO HIZI NI ZIPI?

Mbio hizi zilianza mwaka 1953. Wakati huo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka. Wazee wengi wa Arusha na Moshi wanakumbuka jinsi walivyosimama kando ya barabara usiku na taa za chemli, wakisubiri magari.

Zilikuwa mbio za uvumilivu. Katika miaka mingi magari yalikwenda zaidi ya kilometa 5,000, mchana na usiku, katika mawe, mito na tope. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Watu walimwita Simba.

Tangu mwaka 1973 mbio hizi zilihesabiwa katika ubingwa wa dunia. Baada ya mwaka 2002 ziliondolewa. Mwaka 2021 zilirudi, na makao yake yakawa Naivasha, katika Bonde la Ufa. Siku hizi njia ni fupi kuliko zamani. Magari hukimbia katika vipande vya barabara vilivyofungwa, na watazamaji huenda kukaa karibu na vipande hivyo. Ndiyo sababu kambi za mahema zimekuwa nyingi.

KAMBI NI KIJIJI

Sasa tufikiri pamoja. Kijiji ni nini? Ni watu wanaolala mahali pamoja, wanapika, wanakula, wanakunywa maji na wanakwenda choo. Basi kambi ya mashabiki ni kijiji. Ni kijiji kilichozaliwa Alhamisi na kufa Jumapili.

Tofauti ni hii. Kijiji chetu kina choo, kina kisima, na kina kamati. Kijiji cha mahema mara nyingi hakina hata kimoja. Watu wanafika wakiwa na furaha na haraka. Wanasimamisha hema, wanawasha moto, wanafungua muziki. Mtu akibanwa na haja, anauliza, "Choo kiko wapi?" Wenzake wanacheka na kumwonyesha kichaka.

Kile kichaka ndicho adui. Inzi anatua juu ya kinyesi, halafu anatua juu ya ugali. Mtu anajisaidia, hanawi mikono, halafu anamega nyama. Mvua inanyesha, maji yanabeba uchafu mpaka mtoni, na mto unaupeleka ziwani. Mwaka 2024 na mwaka 2025 mbio hizi zilifanyika mwezi Machi. Huo ndio mwezi ambao mvua za masika huanza. Kwa hiyo hatari hii si ya kubuni.

"NI SIKU NNE TU"

Wengine watasema, "Ndugu, sisi tunakaa siku nne tu. Siku nne zina madhara gani?"

Jibu la kwanza ni kwamba vijidudu havihesabu siku. Kipindupindu huweza kumshika mtu saa chache tu baada ya kunywa maji machafu, au siku tano baadaye. Homa ya matumbo huchukua muda mrefu zaidi. Mara nyingi huanza wiki moja mpaka tatu baadaye. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu anaweza kuambukizwa kambini akiwa anaimba, na akaugua akiwa nyumbani kwake. Hapo atawaambukiza mke, watoto na majirani ambao hawakuona gari hata moja.

Jibu la pili ni kubwa zaidi. Shabiki anaondoka Jumapili, lakini Naivasha haiondoki. Kuna wavuvi wanaovua katika ziwa lile. Kuna wafugaji Wamaasai wanaonywesha mifugo yao. Kuna maelfu ya watu wanaofanya kazi katika mashamba ya maua. Hawa wanabaki. Maji tuliyoyachafua sisi watayatumia wao. Mgeni mwema haachi uchafu katika nyumba ya mwenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji augue.

NI KAZI YA NANI?

Swali hili huleta ubishi. Mashabiki husema choo ni kazi ya waandaaji. Waandaaji nao wanaweza kusema hawawezi kumfuata kila mtu porini.

Maoni yangu ni haya. Mahali palipotengwa kwa watazamaji, ni wajibu wa waandaaji kuweka vyoo vya kutosha, maji ya kunawa na mahali pa kutupa taka. Anayewaalika watu lazima awaandalie. Lakini mtu anayechagua kulala mbali na mahali hapo amejichagulia pia kazi. Hawezi kusema, "Sikupewa choo." Jembe analo, mikono anayo.

Mwaka 1973 nchini Tanzania ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Walichimba wenyewe. Je, kijana mwenye hema zuri na redio kubwa atashindwa na jambo ambalo wazazi wake waliliweza?

TUFANYE NINI?

Watu watano wenye jembe na sepetu wanaweza kuandaa choo cha siku chache kabla jua halijatua. Wafanye hivi:

1. Waombe ruhusa kwa mwenye ardhi. Ndani ya hifadhi ya wanyama wasichimbe, watumie vyoo vilivyowekwa.

2. Wachague mahali pa chini ya upepo, mbali na jiko. Shimo liwe mbali na mto, ziwa au kisima kwa meta 30 au zaidi.

3. Wachimbe shimo lenye kina cha meta moja hivi. Udongo ubaki pembeni. Kila mtu akimaliza, afukie kwa udongo kidogo.

4. Waweke dumu la maji na sabuni karibu na shimo. Pasipo na sabuni, jivu linafaa.

5. Siku ya kuondoka wafukie shimo lote na kulishindilia.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Msiende kuchota ziwani usiku. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na kiboko akikutana na mtu njiani huua.

Mtu akianza kuharisha, asingoje kurudi nyumbani. Chukueni lita moja ya maji safi. Tieni vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na kilima. Anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa kwenye zahanati. Anayeharisha maji mengi kama maji ya mchele awahishwe mara moja.

BARIDI NA JIKO

Naivasha iko juu sana, karibu meta 1,900 kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna baridi. Hapo ndipo watu wengine huingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga mlango. Hilo ni kosa la kuua. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haisikii. Anazidi kusinzia, na haamki tena. Jiko libaki nje, hata kama linaonekana limezimika. Baridi hutibiwa kwa blanketi na sweta.

USISIMAME NJIANI

Kule Ufaransa, katika mji wa Le Mans, kuna mbio za magari za saa 24 zilizoanza mwaka 1923. Huko pia mashabiki huja na mahema kila mwaka. Tarehe 11 Juni 1955 gari moja liligonga jingine, likaruka, na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Karibu wote hawakuwa madereva. Walikuwa watu waliokuja kufurahi.

Baada ya siku ile watu walijifunza kumweka mtazamaji mbali na gari. Lakini ukuta na kamba havimsaidii mtu anayeviruka. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa hukata karibu meta 28 kwa sekunde moja. Ukisema "Lile pale!" limeshafika. Tena vumbi la Naivasha ni laini kama unga. Gari likipita, huoni kinachokuja nyuma yake. Basi simama mahali pa juu, nyuma ya kamba. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa sababu gari likishindwa kukata kona huenda huko. Mtoto ashikwe mkono. Mwenye pumu akae mbali na vumbi, na awe na dawa yake mfukoni.

NENO LA MWISHO

Tunamsifu dereva wa Safari Rally kwa mwendo. Lakini yale magari 7 ya mwaka 1968 hayakufika kwa mwendo peke yake. Yalifika kwa sababu pia yalitengenezwa vizuri na kuendeshwa kwa akili. Fundi hukagua kila nati kabla ya safari. Shabiki naye akague mizigo yake. Je, jembe limo? Sabuni imo? Chumvi na sukari zimo? Kama havimo, hajawa tayari, hata kama hema lake ni jipya.

Safari njema ni ile ambayo wote waliokwenda wanarudi wazima, na wote waliobaki wanaendelea kuwa wazima.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni mikusanyiko gani inayowalaza watu wengi mahali pamoja? Je, vyoo huandaliwa kabla au baada ya watu kufika?

2. Kwa nini mtu anaweza kuugua baada ya kurudi nyumbani, na si kambini?

3. Nani katika kikundi chetu anaweza kuwaonyesha wengine jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari?